Mashati ya Baba Yaliyokaa Vitini

Miaka yote niliyotia vitambaa rangi uani kwake, mama hakuwahi kuniagiza kazi hata ya leso. Siku aliyokuja kuniagiza, aliniagiza niharibu.

Nilikuwa nimeinamia beseni, glavu hadi viwikoni, nikikanda marikani kwenye rangi ya buluu. Akasimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Wewe, unaweza kufanya nguo ikuwe mbaya?"

Nikamwambia watu huniletea vitu ili viwe vizuri.

"Sijauliza hiyo. Nguo mzuri, nyeupe pe. Uiharibu mpaka mtu akiiona ageuze uso. Unaweza ama huwezi?"

Afadhali nieleze kazi yangu mwenyewe, maana mama amekuwa akiieleza vibaya kwa majirani. Hununua marikani nyeupe mjini, au mashuka ya pamba ya mitumba, nikayaloweka kwenye maji ya magadi, kisha nikayatia rangi kwa mkono. Mengine nayafunga kwa nyuzi, mengine nayafinyangafinyanga, mengine nayamwagia tu nione yatafanya nini. Yakikauka nayatandaza kitandani nayaangalia. Kitambaa chenyewe ndicho hunionyesha kinataka kuwa nini: hapa pana ziwa lililofurika likameza miti, hapa pana vumbi la Februari, hapa pana viazi vya Molo vikichungulia kwenye gunia. Nakata, naunga viraka, naweka pamba katikati na bitana chini, nashona tabaka zote pamoja mpaka vidole viume. Kinachotoka ni mfano wa blanketi, ila hakifuniki mtu. Kinaning'inizwa ukutani.

Hapo ndipo mama hunimaliza. "Blanketi la ukutani," huwaambia wenzake wa kanisa. "Kwani ukuta unasikia baridi?" Wao hucheka, na mimi huendelea kusuuza. Mtu akishachekwa na mama yake mzazi mbele ya kwaya nzima, hakuna tena mchekaji wa kumtisha.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa amekuja na shida, na shida yenyewe ilikuwa mashati ya baba.

Baba alikuwa ametuacha mwanzoni mwa mwaka. Alimaliza maisha yake ya kazi kwenye kiwanda cha mablanketi hapa Nakuru, upande wa rangi. Tulipokuwa wadogo tulijua kiwanda kinatengeneza blanketi gani kwa kuangalia kucha zake tu, wiki hii nyekundu, wiki ijayo kijani. Siku aliyostaafu alitangaza kwamba yeye na rangi wameachana. Akaanza kuvaa mashati meupe, ya pamba, ya mikono mirefu, ambayo aliyapiga pasi mwenyewe na kuyachomekea ndani ya suruali hata kama anaenda tu kununua maziwa kioski. Nilipoanza kazi yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Nimekimbia rangi, imenifuata hadi nyumbani," akasema. Kila alipopita karibu na mabeseni yangu alijibana na kuinua mikono juu, kama mtu anayevuka mto.

Kwetu, mtu akishazikwa nguo zake hugawanywa. Ukoo unaketi, sanduku linafunguliwa, ndugu mdogo wa marehemu anaanza kuchagua, kisha wengine wanafuata. Si tamaa. Ni njia ya kusema mtu hajaisha, bado anatembea kwa watu wake. Mjane huketi pembeni. Akipewa kitu atashukuru, asipopewa atashukuru vilevile. Ila mjane hasemi "hiki ni changu." Akithubutu, atasemwa mpaka wajukuu wake waje waulizwe.

Na mama alitaka mashati. Koti wachukue, viatu wachukue, redio wachukue na betri zake. Mashati aliyataka yote.

"Asubuhi nikifungua kabati nayaona pale yamepangana," aliniambia, akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Naona ni kama bado anaoga, atakuja kuvaa. Wakiyabeba, nitafungua kabati nione nini?"

Nikajifanya nakoroga rangi.

Kumbe njama alikuwa ameianza kitambo. Tulipompeleka baba kuzikwa kwao magharibi, mama alisafiri na sanduku kubwa lililofungwa kwa kamba, na hakuruhusu mtu mwingine alibebe. Siku ya kugawa ilipofika, sanduku likafunguliwa mbele ya wazee, na ndani mlikuwa na mapazia. Mapazia yetu ya sebuleni, yamekunjwa vizuri na kuwekewa nafthalini. Mama akajishika mdomo. "Woi! Nimebeba sanduku siyo!" Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma, wakasema majonzi yamemchanganya mama wa watu, apewe uji. Mimi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiyashusha mapazia yale dirishani, nikadhani yanaenda kufuliwa.

Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini baba mdogo, kitinda mimba wa akina baba, si mtu wa kuacha jambo njiani. Akapiga simu. "Shemeji, hakuna shida," akasema. "Kama nguo hazikuja kwetu, sisi tutakuja kwa nguo." Wangefika Jumamosi. Simu hiyo ndiyo iliyomleta mama uani kwangu.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Akificha mashati, wataulizia, kwa maana kila mtu alimjua baba kwa mashati yake. Akiyanyima, atasemwa. Lakini yakiwa mabaya kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayeyataka, basi yatabaki kwake bila yeye kufungua mdomo, tena wataona wanamhurumia.

"Mama," nikamwambia, "nikiyatia rangi, ile harufu yake itaenda na maji."

Hilo hakuwa amelifikiria. Akawa anakwangua tope kwenye kandambili yake kwa kijiti. "Harufu itaisha tu hata nikiyafungia," akasema mwishowe. "Wewe nibakishie shati."

Nikaanza mimi, kwani fundi si mimi? Nikaloweka mashati yote kwenye magadi, nikachukua moja, nikalifinyanga ovyoovyo na kulimwagia mabaki ya rangi za wiki nzima, haradali na zambarau na kijani fulani ambacho hata mimi sikujua kilitoka wapi. Nikalifunga kwenye nailoni, nikaliacha juani, baadaye nikalisuuza na kulianika. Mama akaja, akalizunguka.

"Hii ni nini?"

"Ni mbaya," nikasema.

"Mbaya wapi? Si hii ni jua likizama nyuma ya mlima wa Menengai! Shemeji akiiona ataivaa harusini!" Alikuwa na hasira ya kweli. "Nimekuomba uharibu, wewe unanionyesha ujuzi."

Na hakuwa ananionea. Kuharibu kwa makusudi ni kazi ngumu. Mkono uliozoea kutafuta mpango hauachi, ukimwaga kushoto unataka usawazishe kulia. Nikajaribu la pili kwa magome ya muwati na misumari yenye kutu, nikitafuta rangi ya maji ya mtaro. Likatoka na michirizi ya kijivu mizuri hivi kwamba nilitamani kulikata viraka papo hapo. Mama aliniona nilivyoliangalia, akanivua glavu moja baada ya nyingine.

"Kaa kando," akasema.

Akatoa viti vya plastiki, vyetu na vya kuazima, akavipanga mstari mmoja uani na kuviwekea mito ya kukalia. Akavivalisha mashati yaliyobaki, mgongo wa kiti ukiwa ndio kifua, akafunga vifungo hadi shingoni. Ule upepo wa mchana wa Nakuru, wa kubeba vumbi na kamba za nguo, ukaanza kuyapeperusha, basi akaishika mikia ya mashati akaichomeka ndani, chini ya mito ya viti, ikatulia. Ukitazama uani kwetu ungesema kuna kikao cha wazee wasio na vichwa.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Mathe, kwema? Hao ni akina nani?"

"Wageni," mama akamjibu bila kugeuka. Jirani akarudi ndani polepole na kufunga mlango.

Mama akachovya kikombe kwenye ndoo ya rangi nyekundu, akalimwagia shati la kwanza kwa woga, kama anayemwagia mtoto maji kichwani. Akarudi nyuma, akaangalia. Akachota tena. Kufikia shati la tatu alikuwa hajali tena. Ncha za mikono alizichovya kwenye buluu, tumboni akapiga kijani kwa kiganja kizima, begani akapangusa vidole vyake vyote. "Na wewe!" alikuwa akiyaambia. "Na wewe pia! Ulikuwa unafikiri unaenda wapi?" Sijui alikuwa anaongea na mashati au na shemeji zake. Kitambaa cha kichwa kikamwanguka kwenye beseni la haradali, hakukiokota. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mazishi, nami nikacheka mpaka nikashikilia nguzo ya kamba ya nguo.

Hata yale mawili yangu hakuyasamehe. Aliyavalisha viti nayo, akayachomekea, akayapiga rangi juu ya rangi mpaka Menengai yangu ikazimika.

Tukayasuuza, na yalipokauka yalikuwa mabaya kwelikweli. Hayakuwa na mpango wala mwanzo wala mwisho. Rangi zilikuwa zimegombana na hakuna aliyeshinda. Nikampa mkono wa pongezi. "Hii sasa ni takataka, mama."

"Asante," akasema, amevimba kwa fahari.

Jumamosi walifika wamechelewa, na wameshiba. Walikuwa wamesimama Salgaa kula nyama choma, na mama aliyekuwa ameamka kuchinja na kukaanga kuku wa kienyeji akanusa moshi kwenye nguo zao akiwa bado anawasalimia. Akanikonyeza. Nilijua hilo limeandikwa mahali. Alikuja baba mdogo, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Alikuja shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye akikuangalia tu unajikuta unanyoosha sketi. Na nyuma yao binamu zangu, wanaume wazima, ambao nia yao ilikuwa koti na hawakuificha.

Tukaomba, tukanywa chai, na kuku akaliwa vilevile, mifupa ikabaki myeupe. Kisha sanduku likaletwa katikati ya sebule. Safari hii lilikuwa sanduku lenyewe. Koti likaenda kwa binamu mkubwa, sweta kwa mdogo wake, viatu vikajaribiwa na kila mguu uliokuwemo. Redio akaibeba shangazi bila kuuliza mtu. Mama alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, mnyenyekevu hadi nikaona anazidisha.

Akatoa pumzi ndefu, ambayo bila shaka alikuwa ameifanyia mazoezi. "Sasa jamani, kuna jambo la aibu. Mashati." Akanigeukia kwa uso wa huzuni. "Huyu msichana na hizi rangi zake. Nilimwachia ayafue tu. Kuyafua! Sijui aliyaweka karibu na mabeseni, sijui ni nini. Mjionee wenyewe. Hata mimi sijui nitayapeleka wapi, labda yapanguse sakafu."

Ala! Hili hatukuwa tumelipanga. Shangazi akasonya msonyo mrefu ulionipiga kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Shati za ndugu yangu," akasema. "Mtu mzima na elimu yake." Nilimwangalia mama, naye alikuwa anatazama dari kama mtakatifu. Haki ya nani, nilitaka kusema kila kitu. Nikajikaza, kwa sababu niliona njama inafanya kazi. Binamu walikuwa wameanza kushikana na kucheka chinichini, mmoja akauliza kama hiyo ni shati au ramani. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ila baba mdogo. Yeye ndiye alikuwa na haki ya kuanza, akachukua shati la juu kwa vidole viwili, ili tu aonekane ameheshimu jambo. Akalikunjua. Nilimwona akitaka kulirudisha, kisha hakulirudisha. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani alifanya hii?"

"Si nimesema ni huyu," mama akasema haraka.

"Hapana," akasema baba mdogo. Ile sauti ya kuhubiri ilikuwa imekwisha. "Huyu alikuwa mdogo, hawezi kujua."

Akalilaza shati kifuani pake, akaanza kuonyesha kwa kidole. Hapa tumboni ndipo alikuwa anaegemea pipa la rangi. Hii mikono, ni pale anaingiza blanketi, maji yanapanda. Na hapa begani, upande wa kulia, ni pale alikuwa anajipangusa kidevu kwa sababu mikono imejaa. Baba mdogo alikuja Nakuru akiwa kijana anayetafuta kazi, akakaa na wazazi wangu kwenye chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi, analala sakafuni karibu na mlango. Kila jioni mtu aliyefungua mlango huo alikuwa amepakwa hivi.

"Hii ni yeye ametoka shifti," akasema. "Ni yeye kabisa. Anaingia, ananiruka pale chini, ananiuliza kama nimekula."

Kisha mwanaume mrefu yule akakaa kwenye kochi na kulia kwa sauti, shati limemfunika uso.

Mimi niligeuka kumwangalia mama. Hakuwa anaigiza tena. Alikuwa ameshika mdomo kwa mkono ambao bado una haradali kwenye kucha, na macho yanaruka kutoka shati moja hadi lingine. Hakuwa amejua. Miaka mingapi alikuwa ameyasugua madoa yale kwa sabuni ya mche, tumboni, begani, ncha za mikono, tumboni, begani? Alidhani anamwaga ovyo. Mikono yake ilikuwa ikiyarudisha madoa mahali pake, moja moja.

Basi ikawa vurugu. Mashati ambayo hayakuwa na mwenyewe sasa kila mtu alikuwa ameshika moja. Binamu aliyeuliza kuhusu ramani alikuwa tayari amelivaa lake juu ya fulana. Shangazi akachukua la kwake, la kiume na kubwa mara mbili, akalikumbatia pamoja na redio. Sanduku likabaki tupu, hata karatasi ya chini ikaonekana.

"Msichukue."

Ni mama aliyesema. Alikuwa amesimama. Neno hilo mjane halisemi.

"Msichukue," akarudia, na sauti ikampasuka. "Nayataka mimi. Mapazia niliyaweka mimi kwenye sanduku. Haya mashati nimeyaharibu mimi, huyu mtoto nimemsingizia. Nilitaka muyaone mabaya mniachie. Mimi nimelala na huyo mtu maisha yangu yote, na sasa naambiwa nikae pembeni nione kama nitabakishiwa soksi."

Shangazi akafungua mdomo. Baba mdogo akamwinulia mkono anyamaze.

"Shemeji," akasema, akipangusa pua, "si ungesema tu?"

"Ningesema, ungeniachia?"

Baba mdogo akafikiri kwa uaminifu. "Hapana," akasema. "Ningechukua yote."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni shangazi, na kwa kuwa hacheki mara nyingi, kicheko chake kilitoka na vumbi. Lakini hakuna aliyeachia shati. Hilo nataka lieleweke. Walicheka, walimhurumia, machozi yaliwatoka, na mashati waliyashikilia kama walivyoyashika. Sikuwalaumu sana. Na wao walikuwa wamefiwa.

Mama akawaangalia mmoja mmoja. Kisha akaingia chumbani kwangu na kutoka na mkasi wangu mkubwa wa vitambaa, ule ambao siruhusu hata karatasi ikatwe nao.

"Sawa," akasema. "Chukueni. Lakini mkia wa shati huchomekwa ndani ya suruali, hakuna mtu anauona. Hamtapungukiwa na kitu. Mikia ni yangu."

"Woi, shemeji!"

"Leta hapa."

Akaanza na la baba mdogo, ambaye alisimama wima na kulinyoosha lake mwenyewe, uso ameugeuzia pembeni kama mtu anayechanjwa. Mkasi ukapita nyuma na mbele. Akaenda kwa binamu aliyekwisha kulivaa, akamkatia hapohapo mwilini, kijana akiwa amevuta tumbo ndani na kumwambia aki mathe, polepole. Shangazi alijaribu kusema lake lisikatwe kwa sababu yeye hana suruali. Lilikatwa. Nilipita nyuma yake nikiokota vipande na kuvipanga mkononi, na hapo ndipo nilipoona kwamba, ukiacha vya yale mawili yangu, havikuwa na rangi. Ile mikia aliyoichomeka chini ya mito ya viti kwa sababu ya upepo ilikuwa imebaki safi. Kwingine maji ya kusuuza yalikuwa yameacha wekundu hafifu sana, basi.

Waliondoka jioni, wamevaa, gari zima likiwa na madoa ya shifti. Mama aliwapungia mkono hadi wakakata kona, akanirudia. "Nishonee," akasema.

Nilitaka kufanya maajabu. Nilikuwa tayari nimeona kichwani jinsi nitakavyoviweka vile vyeupe katikati na kuvizungushia rangi zote za kiwandani, nyekundu na buluu na kijani, kazi ambayo mtu angesimama mbele yake na kushindwa kuondoka. Mama akasema nikitia hata tone la rangi atanifukuza na mabeseni yangu. Basi nikaviweka kando vya yale mawili yangu, nikashona vyeupe kwa vyeupe. Nilinuna siku za kwanza. Halafu nikaanza kuona kwamba hakuna vipande viwili vinavyofanana. Kimoja kimeiva kwa pasi, kingine kimekwaruzwa na mkanda, kingine kina ule wekundu wa maji ya kusuuza. Nilivipanga kwa kufuata tofauti hizo ndogo, na nilifumua na kurudia kuliko nilivyowahi kufumua maishani.

Alipokabidhiwa kifuniko hicho alikigeuza upande huu na huu, akavuta mishono kuona kama imekaza, akasema nimejitahidi. Akajitandia miguuni pale kwenye kochi, na tangu siku hiyo hakikutoka.

Miezi ikapita. Siku moja mchana baba mdogo akatupitia, anaenda kuona shamba Ndabibi. Alikuwa amevaa shati lake. Bila mkia lilikuwa fupi, linachomoka kwenye suruali kila akiinua mkono, na kitovu kinachungulia, lakini alilivaa kama suti. Nikamletea chai. Akaona kile kilichokuwa miguuni pa mama, akainama kukitazama, akakipapasa.

"Ndiyo hii?" akasema. Akaangusha kicheko chake kikubwa. "Kumbe hata rangi haina! Shemeji, tulikuchezea. Sisi tulibeba ndugu yetu, wewe tukakuachia sehemu tupu."

Mama hakuharakisha. Alipuliza chai yake kwanza.

"Hiyo yako, shemeji, ni sehemu ya watu wote. Kiwandani waliiona, barabarani waliiona, hata askari wa geti aliiona. Hii ilikuwa imechomekwa ndani." Akapitisha kiganja juu ya vile vyeupe. "Unajua ilikuwa inagusa wapi?"

Chai ilimpalia baba mdogo ikatokea puani. Mimi nilitafuta shimo la kuingia. Kuna mambo mtoto hafai kuyasikia hata akiwa na mvi. Mama alicheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaendelea kucheka, kisha nikaona ni machozi peke yake yaliyobaki.

"Ni mimi tu nilikuwa naichomoa," akasema. "Miaka yote hiyo. Ni mimi tu."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Akapiga goti pale kwenye zulia, shati lake likampanda mgongoni, akamfunika shemeji yake miguu vizuri, kidole kwa kidole, na nje jua la mchana lilikuwa linawaka.